MASHINE, UJIRA NA AMANA

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini baada ya swala ya Alasiri)

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Sahaba zake na wote wenye kuifuata njia yao kwa wema. Ama baada ya hayo.



Mada tuliyopangiwa leo huenda ikawashangaza baadhi ya wazee wetu, waliozoea kusikia mahali hapa mambo ya twahara, swala na mirathi. Tumetakiwa tuzungumzie mashine zinazofanya kazi za watu, na hii inayoitwa akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia. Lakini mwenye kuzingatia ataona kwamba hatukutoka nje ya dini hata hatua moja. Jambo linalogusa chumo la Muislamu linagusa swala yake, kwa kuwa anakula na kuvaa kutokana na chumo hilo. Linagusa ndoa, kwa kuwa kijana asiye na kazi hana mahari. Linagusa zaka, kwa kuwa anayepoteza kazi huweza kuhama kutoka safu ya wanaotoa akaingia safu ya wanaopokea, na huhama kimya kimya bila ya jirani yake kujua.

Kwanza tuondoe shaka moja. Wapo vijana wanaouliza kama vyombo hivi ni haramu, na wapo baadhi ya walimu wetu wanaovisema kana kwamba ni kazi ya Dajali. Sisi hatuoni hivyo. Nabii Nuhu (A.S.) aliunda jahazi kwa amri ya Mola wake, na Nabii Daudi (A.S.) alilainishiwa chuma akatengeneza mavazi ya vita. Ufundi ni neema. Na katika historia ya Umma huu, waliotangulia hawakuiogopa mashine. Mwaka 1206 al-Jazari alikamilisha kitabu chake cha vyombo vya ufundi katika mji wa Diyarbakir, na miongoni mwa vyombo hivyo mlikuwa na kifaa cha kutawadhia, chenye umbo la mtumishi linalomimina maji lenyewe kwa nguvu ya maji na uzito. Miaka mia nne hivi kabla yake, alikuwepo Baghdad, zama za Khalifa al-Maamun, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Kutokana na jina lake Wazungu walipata neno wanalolitumia mpaka leo kuitia kanuni ambayo mashine huifuata hatua kwa hatua ili ipate jibu. Wataalamu wa kompyuta wanalitaja jina la mwanachuoni huyu kila siku, na wengi wao hawajui kwamba ni jina la mtu, seuze la Muislamu.

Sasa tazameni al-Khwarizmi alikuwa anatafuta nini. Sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra ni hesabu za mirathi na wasia: mtu amefariki, ameacha mke, watoto na deni, kila mmoja apate kiasi gani? Hesabu ile ilitafutwa ili mjane asipunjwe wala yatima asidhulumiwe. Basi swali letu la leo si kwamba je, mashine ni halali au ni haramu. Swali ni kwamba hesabu iliyotafutwa ili kumfikishia mwenye haki haki yake, leo inatumika kumfikishia nani nini?

Tuanze na mkono wa mtu. Katika mashamba ya chai ya Kericho, nchini Kenya, mchumaji mzoefu huchuma majani mawili na chipukizi moja, akaliacha jani lililokomaa mahali pake. Ni kazi ya kuinama siku nzima katika baridi, na kwa miaka mingi imelisha familia nyingi na kulipa karo. Kisha zikaletwa mashine za kuchumia. Mwezi Mei 2023 wananchi wenye hasira walizitia moto mashine kadhaa katika shamba moja la kampuni kubwa. Kabla ya hapo, mwezi Machi mwaka huo huo, kikosi kazi cha kaunti kilikuwa kimependekeza kwamba uvunaji wa mashine usizidi sehemu 60 katika 100, na sehemu 40 zibaki kwa mikono ya watu. Mmoja wa wajumbe wake alisema kwamba katika kaunti ile peke yake zilikuwa zimepotea ajira 30,000 kwa muda wa miaka kumi.

Kuchoma mali ya mtu ni haramu, nasi hatutafuti udhuru wa kulihalalisha jambo hilo. Lakini ni wajibu kuuliza kabla ya moto kulikuwa na nini. Mwenye shamba alipiga hesabu ya mafuta, vipuri na mishahara, akaona mashine ni nafuu. Katika hesabu ile hapakuwa na mstari wa mchumaji aliyefanya kazi miaka ishirini na mgongo wake umekwisha. Hesabu ilikuwa sahihi, na ilikuwa pungufu.

Kazi za mikono siku zote zimekuwa za kwanza kuguswa, na hapa pwani tunalijua hilo kuliko wengine. Makuli wa bandari za Mombasa na Dar es Salaam, wengi wao wakiwa babu zetu, walibeba magunia mabegani. Mwaka 1947 walipogoma, kwanza Mombasa mwezi Januari, kisha Dar es Salaam mwezi Septemba, serikali ya kikoloni ilitikisika, na ule mgomo wa Dar es Salaam ukaifuata reli hadi bara. Kisha mwaka 1956 meli moja ilitoka Newark kwenda Houston, huko Marekani, ikiwa imepakia masanduku 58 ya chuma. Hayo ndiyo makontena. Baada ya miaka kadhaa winchi moja ikawa inainua kwa dakika chache mzigo uliokuwa ukiwachosha watu wengi kutwa nzima. Bega likapumzika, na hilo ni jema. Lakini kilichoondoka hapo si uchovu peke yake, bali na ile nguvu ya watu wengi kusimama pamoja mbele ya mwajiri na kusema kwamba ujira huu hautoshi.

Lililo jipya katika zama hizi ni kwamba sasa anaguswa mwenye kalamu. Programu iliyozinduliwa mwishoni mwa Novemba 2022, iitwayo ChatGPT, iliwaonyesha watu wote kwamba mashine inaweza kuandika barua, kufupisha ripoti, kutafsiri na kujibu wateja. Mwaka 2023 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba, kati ya shughuli za makarani, asilimia 24 zimo katika hatari kubwa ya kufanywa na vyombo hivi, na asilimia 58 nyingine zimo katika hatari ya kadiri. Na kwamba wanawake ndio watakaoguswa zaidi, kwa kuwa ndio wengi katika kazi hizo. Mwezi Januari 2024 Shirika la Fedha la Kimataifa likasema karibu asilimia 40 ya ajira za dunia zitaguswa kwa namna moja au nyingine, na kwa nchi maskini asilimia 26. Kuguswa si kufutwa, hilo tulielewe. Hata hivyo, mzazi anayeuza kiwanja ili binti yake akasomee uhazili na kupiga chapa peke yake, bila ya kuongeza elimu nyingine, tunamnasihi akae chini afikiri upya.

Na msidhani, ndugu zetu, kwamba akili hii imejiotea yenyewe kama uyoga. Inafundishwa, na wanaoifundisha ni watu. Kijana hukaa mbele ya kompyuta akaonyeshwa picha, akachora mstari kulizunguka gari, au mtu, au ng'ombe, akaandika jina lake. Kisha picha nyingine, na nyingine, maelfu kwa maelfu, mpaka mashine ianze kutambua. Mwingine hupewa maandishi machafu ayasome na kuyatia alama, ili mashine ijue kwamba haya haifai kuyasema.

Kazi hiyo ya pili ilifanyika jirani na sisi hapa, Nairobi. Mwezi Januari 2023 jarida la Time la Marekani lilieleza kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama, iliyopewa mkataba na OpenAI, wenye ile ChatGPT, walikuwa wakisoma maelezo ya watoto kuingiliwa, ya mauaji, ya watu kujiua na ya mateso, kwa ujira wa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Jarida hilo hilo likaeleza kwamba mkataba wenyewe ulikuwa wa dola 12.50 kwa saa. Kampuni ina gharama zake, hilo tunalikubali. Pango, umeme na wasimamizi havipatikani bure. Lakini pima mwenyewe umbali uliopo kati ya tarakimu hizo mbili, kisha kumbuka kwamba aliyebaki na yale maandishi kichwani usiku ni yule wa dola mbili.

Wenzao waliokuwa wakichuja picha na video za mtandao wa Facebook katika mji huo huo walikwenda mahakamani. Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini, alifungua shauri mwaka 2022, na mwaka 2023 wakafuata wengine zaidi ya mia. Kampuni ya Meta ilijitetea kwamba haiwezi kushitakiwa Kenya, kwa kuwa si wakaazi wa hapo na wale hawakuwa waajiriwa wake bali wa wakala. Mwezi Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikaamua kwamba inaweza kushitakiwa. Na tarehe 1 Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hii walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Makuli wa 1947 wangeliwaelewa mara moja.

Tumekaa muda mrefu katika kisa hiki kwa makusudi. Imo hoja inayorudiwa na kila mwajiri mkubwa na mdogo, nayo ni kwamba mfanyakazi alikubali mwenyewe, hakushurutishwa na mtu. Ndiyo, alitia saini. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) ametueleza, katika Hadithi iliyopokewa na al-Bukhari, kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama, yumo aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Wala Hadithi hiyo haikumtofautisha mwajiri wa karibu na mwajiri aliyejificha nyuma ya wakala. Aliyechukua kazi kamili ndiye anayeulizwa. Mwenye njaa husaini karatasi yoyote, na kila mmoja wetu aliyewahi kutafuta kazi analijua hilo.

Sasa tuje nyumbani. Hapa Dar es Salaam wapo madereva wengi wa taksi, bajaji na bodaboda za mtandao, na hapana shaka wengine wamo humu msikitini hivi sasa, simu zao zimezimwa mifukoni (tunatumai). Dereva huyu haamrishwi na mtu mwenye sura. Programu ndiyo inayompangia abiria, ndiyo inayokadiria nauli, ndiyo inayokata makato, na ikitaka humfungia asipate kazi. Akilalamika hujibiwa na maandishi yaliyotayarishwa.

Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliweka ukomo wa makato hayo kuwa asilimia 15. Kampuni ya Uber ikaona haiwezi kufanya kazi kwa kiwango hicho, ikasimamisha huduma zake nchini mwezi Aprili mwaka ule, na ikarejea mwanzoni mwa 2023 baada ya ukomo kupandishwa kufika asilimia 25. Hatusemi kwamba 15 ndio uadilifu na 25 ndiyo dhulma. Hayo yanahitaji watu wa hesabu waliotazama vitabu vya pande zote. Tunasema kwamba mvutano ulikuwa baina ya kampuni na serikali, na aliyekaa miezi ile bila ya abiria wa upande huo ni dereva.

Katika jambo hili tunawaomba wanazuoni wetu wakae walitazame. Katika fiqhi ya ijara, ujira sharti ujulikane na kazi sharti ijulikane, ili usiingie udanganyifu. Je, dereva anayekubali safari bila ya kujua nauli ilivyokadiriwa na kwa nini leo imepungua, ujira wake unajulikana? Programu hii ni mizani. Ni mizani kama ile ya muuza nyama, isipokuwa haionekani. Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima yenye jina la wapunjaji, wale ambao wakipimiwa wao hutaka kamili na wakiwapimia wengine hupunguza. Na Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni na kuona fungu la nafaka, hakuridhika na kulitazama kwa juu: alitia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevunyevu uliofichwa, akamkemea muuzaji na akamkana mwenye kudanganya kwamba si katika wafuasi wake. Katika miji ya Kiislamu baadaye alikuwepo muhtasibu, mwenye kazi ya kukagua mizani na vipimo. Nani leo anatia mkono ndani ya programu? Dereva hawezi. Abiria hawezi. Ni wajibu wa mamlaka, na wasomi wetu vijana wa kompyuta waisomee kazi hiyo kama faradhi ya kutosheleza, ambayo isipokuwepo hata mmoja wa kuifanya sote tunapata dhambi.

Lakini kabla hatujaikemea kampuni ya ng'ambo, tutazamane humu ndani. Gari au bajaji anayoendesha kijana yule mara nyingi si yake. Ni ya tajiri, na kila jioni anatakiwa apeleke hesabu. Tajiri huyo mara nyingine ni Muislamu, anaswali safu ya mbele, na ametoa mchango wa zulia. Siku programu iliyomfungia dereva, hesabu ilipungua? Siku makato yalipobadilika, tajiri alikaa na dereva wake wakapanga upya? Wapo waliofanya hivyo, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Na wapo waliochukua funguo siku ya pili tu.

Vile vile wenye maduka, shule na ofisi miongoni mwetu. Mtu anapoleta programu ya kufanya kazi ya karani aliyekuwa naye miaka kumi na mbili, hatumwambii airudishe. Tunamwambia amjulishe mapema, amlipe haki zake zote kwa mujibu wa sheria bila ya kumzungusha, na kama ipo kazi nyingine amfundishe yeye kwanza kabla ya kuajiri mgeni. Mtume (S.A.W.) alihimiza mwajiriwa alipwe kabla jasho lake halijakauka, na tunajua mashuhuda wa wafanyakazi wanaodai malipo yao ya kuachishwa kazi hata jasho limekauka, nguo imefuliwa na imechakaa.

Na tuwageukie wafanyakazi. Katika Surat al-Qasas tunasoma habari za Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan akiwa mkimbizi asiye na kitu, akawanyweshea mifugo mabinti wawili. Mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri, na sababu alizozitaja ni mbili: nguvu na uaminifu. Nguvu mashine inayo, na hatutaishinda. Inahesabu haraka kuliko sisi na hailali. Lakini amana haina, kwa kuwa haina dhamira wala haitahukumiwa. Ikikosea dozi ya mgonjwa haioni haya. Basi anayetaka asipate mbadala wa mashine na aifanye amana yake ionekane. Karani anayeipa mashine barua za siri za ofisi ili imwandikie, kisha akasaini bila ya kusoma, ameitupa ile sifa moja iliyombakishia thamani. Mwanafunzi naye vivyo hivyo. Na tumesikia kwamba hata khutba sasa zinaombwa kwa mashine, ikataja Hadithi ambayo haimo katika kitabu chochote, na khatibu akaisoma juu ya mimbari kwa sauti nzuri. Aogope.

Tumalizie na zaka, kwa kuwa hapo ndipo penye kazi yetu sisi. Abu Daud amepokea kisa cha mtu wa Ansari aliyekwenda kwa Mtume (S.A.W.) kuomba. Akaulizwa nyumbani kwake mna nini. Akasema nguo moja na bakuli. Mtume (S.A.W.) akaviuza kwa dirhamu mbili. Dirhamu moja akamwambia anunulie chakula cha ahali zake, na ya pili anunue shoka. Mpini wa shoka lile Mtume (S.A.W.) aliutia kwa mkono wake, akamwamrisha mtu yule akatafute kuni auze, na asimwone kwa siku kumi na tano. Alirudi ana dirhamu kumi.

Wengi husimulia kisa hiki wakaishia kwenye shoka, ili kuwakemea waombaji. Sisi tunaiona ile dirhamu ya kwanza. Chakula kilitangulia, kisha chombo, kisha muda wa kujaribu. Asiye na cha kula usiku huu hawezi kujifunza ufundi mpya, hata umpe mwalimu bora. Na Imamu an-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijiria), ambaye wengi wetu hapa pwani tunafuata madhehebu yake, ameeleza katika al-Majmuu kwamba fakiri mwenye ufundi hupewa katika zaka kiasi cha kununulia vyombo vya ufundi wake, na kwamba kiasi hicho hutofautiana, muuza mboga akapewa kidogo na mfanyabiashara wa vito akapewa kingi. Leo sisi tunaigawa zaka kwa noti ndogo ndogo katika foleni ya Ramadhani, kila mtu akapata nauli na mkate, na mwakani foleni ikawa ndefu zaidi.

Kwa hiyo tunapendekeza kamati ya zaka ya msikiti huu itenge fungu kwa ajili ya waliopoteza kazi kutokana na mabadiliko haya: fungu la chakula cha nyumbani kwa muda wa mafunzo, na fungu la chombo, kiwe cherehani, kompyuta, vifaa vya umeme wa jua au ada ya chuo. Orodha iandikwe na akina mama wawe katika kamati, kwa sababu wao ndio wanaojua nyumba ipi imeacha kupika. Majina yapelekwe kwa katibu, kwa siri, kabla ya mwisho wa mwezi. Na ndugu zetu madereva wa mtandao wabaki kidogo baada ya swala ya Magharibi, pamoja na wenye vyombo wao, tuzungumze habari ya hesabu.